Ernest Rutherford na Kiini cha Atomi

Nataka kuwasimulia habari za Ernest Rutherford. Alizaliwa karibu na mji wa Nelson, New Zealand, tarehe 30 Agosti, 1871, akiwa mtoto wa nne katika watoto kumi na wawili. Mwaka 1895 alipata skolashipu iliyomfikisha Cambridge, Uingereza, kwa Profesa J. J. Thomson. Baadaye alifundisha Montreal, na tangu 1907 Manchester. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, naye alikuwa mtu wa fizikia!

Thomson alikuwa akifundisha kwamba umeme chanya umeenea katika atomi nzima. Lakini mwaka 1909, huko Manchester, Geiger na kijana Marsden, mwanafunzi wa miaka ishirini, waliona kwamba chembe za alfa zikirushwa kwenye bati jembamba mno la dhahabu, nyingi hupita, ila chache sana hurudi zilikotoka. Nani alizirudisha?

Rutherford alilifikiri jambo hilo hata 1911. Alfa ina chaji chanya, na katikati ya atomi pia kuna chaji chanya, basi zinasukumana. Alfa inayokwenda moja kwa moja katikati hupungua mwendo kama baiskeli inayopanda mlima bila kukanyagwa. Pale inaposimama kabla ya kurudi, nishati yake yote ya mwendo imekwisha kugeuka nishati ya kusukumana. Hakuna iliyopotea, wala hatuna haja ya kupima nguvu kila hatua ya njia.

Nimeipiga hesabu hiyo mwenyewe. Nishati ya alfa ni karibu jouli 1.2 × 10⁻¹², chaji yake ni 2 na ya dhahabu ni 79. (Kiini cha dhahabu ni kizito karibu mara 50 kuliko alfa, kwa hiyo nimekihesabu kuwa hakisogei.) Jibu ni mita 3 × 10⁻¹⁴. Atomi nzima ina upana wa mara 10,000 zaidi! Umeme ulioenea kote humo usingeweza kamwe kuisimamisha alfa. Lazima umekusanyika ndani ya nukta hiyo. Rutherford alikisia chaji ya dhahabu kuwa 100, akapata 3.4 × 10⁻¹⁴, si mbali.

Hivyo mafundisho ya mwalimu wake yakaanguka. Hata hivyo mwaka 1919 ni yeye aliyeshika nafasi ya Thomson katika maabara ya Cavendish. Alifariki Cambridge tarehe 19 Oktoba, 1937, na majivu yake yamezikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.