Ildefons Cerdà: Mhandisi Aliyeanza na Barabara

Habari za watawala na wanamapinduzi tumezisoma sana. Wahandisi ni nadra kuandikwa, na sisi tunaosomea fani hiyo tumeshazoea. Safari hii naomba niwasimulie mmoja wao, Ildefons Cerdà, aliyepanga sehemu kubwa ya jiji la Barcelona, Hispania. Ukiliangalia jiji hilo kwenye picha za angani utaona vitalu vya nyumba vimepangwa kama vigae vya sakafuni, kila kitalu kona zake zimekatwa. Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo iliyommaliza.

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1815 katika shamba la ukoo wao huko Centelles, kaskazini ya Barcelona. Hakuwa mtoto wa kwanza, kwa hiyo kwa mila za kwao shamba halikuwa lake. Akasoma. Mwaka 1841 alihitimu Madrid kama mhandisi wa barabara na madaraja, akaajiriwa serikalini. Mwaka 1844 alisafiri kusini mwa Ufaransa, akaona nguvu ya mvuke na garimoshi, na wazo likamkaa kichwani: miji iliyojengwa kwa ajili ya miguu na punda itawezaje kupokea mwendo wa namna hii? Kaka zake walipofariki, mwaka 1848 urithi ukamwangukia yeye. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya serikali ili ashughulikie wazo lake hilo. Jamaa alikuwa na mali, angeweza kabisa kukaa akala kodi za mashamba.

Wakati huo Barcelona ilikuwa imebanwa ndani ya kuta za kijeshi. Nje ya kuta ilikatazwa kujenga, maana jeshi lilitaka uwanda ubaki wazi kwa ajili ya mizinga. Viwanda vikaongezeka ndani, watu wakaongezeka, nyumba zikapandishwa juu, vichochoro havikupata jua. Msongamano ulizidi watu 800 kwa hekta moja. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua maelfu, na mwaka huohuo ruhusa ya kubomoa kuta ikatolewa. Mwaka 1855 Cerdà akapewa kazi ya kupima uwanda wote, na mwaka 1856 akafanya uchunguzi wa maisha ya wafanyakazi wa viwandani: mishahara yao, bei ya chakula, vyumba walivyopanga, na umri waliokufa. Aliona kwamba maskini wanakufa mapema, na kwamba namna nyumba na mitaa ilivyojengwa ilichangia.

Mpango aliouchora ulianza na njia, siyo majengo. Vitalu vya mraba, kila upande mita 113 hivi. Barabara za kawaida mita 20, nusu yake ya magari na nusu ya waenda kwa miguu, mita 5 kila upande. Kona alizikata ili gari linalokata kona lione linalokuja. Vitalu akavigeuza nyuzi 45 kutoka kaskazini ili kila upande wa nyumba upate jua. Halafu akapitisha barabara kubwa za mshazari kuvuka uwanda mzima.

Piga hesabu kidogo. Mita 113 na 20 ni 133, maana yake kila baada ya mita 133 unakuta njia panda, na una njia tatu za kuchagua. Ikifungwa moja, ya pili iko hapo jirani. Linganisha na kwetu Dar es Salaam. Mtu wa Manzese au Tandale vichochoro anavyo vingi, lakini vingi vinaishia kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo gari la zimamoto halipiti na kila mwenye safari anarudishwa Barabara ya Morogoro. Foleni tunailaumu kwa wingi wa magari tu, wakati tatizo mojawapo ni kwamba mitaa haijaungana. Kariakoo, pamoja na fujo zake zote, mitaa yake imenyooka na imeungana, na ndiyo maana bado unaweza kupenya.

Tena Cerdà hakutenga mtaa wa matajiri na mtaa wa makabwela. Shule, masoko na bustani aligawa sawasawa uwanda mzima. Sisi tuliorithi miji yenye Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Hapo ndipo vita ilipoanza. Serikali ya Madrid iliupitisha mpango wake Juni 1859. Halmashauri ya Barcelona, ambayo haikutaka kuamuliwa na Madrid, ikaitisha mashindano yake, na mshindi akawa msanifu Antoni Rovira i Trias. Mwaka 1860 Madrid ikashikilia uamuzi wake. Wasanifu wa Barcelona hawakumsamehe: kwanza alikuwa mhandisi tu, pili alionekana mtu wa Madrid, ingawa alikuwa Mkatalani kama wao.

Kuhusu ardhi alikuwa mjanja kweli. Mipaka ya mashamba ilikwenda upande, barabara zake zilikwenda upande mwingine, hivyo mwenye shamba angebaki na vipande vya pembetatu visivyojengeka. Yeye akapendekeza wenye ardhi waunganishe viwanja vyao, wakate sehemu ya barabara, kisha wagawane upya viwanja vilivyonyooka. Kila mtu anapoteza kidogo na kila mtu anapata kiwanja chenye barabara. Wapimaji wetu wa viwanja hili wanalijua, wanajua pia ugumu wake pale mwenye shamba anapokuja na panga.

Lakini wenye ardhi walikuwa na nguvu kuliko yeye. Alitaka kitalu kijengwe pande mbili tu, katikati iwe bustani, urefu usizidi mita 16. Wakajenga pande zote nne, wakaongeza ghorofa, bustani zikageuka karakana na maghala. Barabara tu hawakuweza kuzila.

Mwaka 1867 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya nadharia ya ujenzi wa miji. Kabla ya hapo ndoa yake ilikuwa imevunjika. Wakati wa Jamhuri ya Kwanza aliongoza Baraza la Mkoa wa Barcelona kwa muda mfupi. Urithi wote ulikuwa umekwishia kwenye kazi, na malipo aliyodai serikalini na kwa halmashauri hakuyapata. Alifariki tarehe 21 Agosti 1876 huko Caldas de Besaya, kaskazini ya Hispania, hana kitu.

Leo Barcelona kuna uwanja wenye jina lake, Plaça Cerdà. Ni njia panda kubwa ya magari karibu na mpaka wa jiji, na wengi wanaopita hapo wanawahi uwanja wa ndege.