George Frideric Handel (1685–1759)

Handel alizaliwa Halle, Ujerumani. Baba yake alitaka asomee sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika muziki. Baadaye akahamia London. Mwaka wa 1741, opera zake zikiwa zimekosa watazamaji, alitunga Messiah kwa siku 24 hivi. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, Aprili 1742, na mapato yakawalipia wafungwa madeni yao na kusaidia hospitali mbili. Uzeeni alipata upofu, ila hakuacha kupiga ogani. Kila Krismasi tunaposimama kuimba Haleluya yake, sisi wanakwaya tukumbuke kwamba uimbaji huo ulianza kwa kuwafungulia watu milango ya gereza. Jubilii yetu nayo imguse mhitaji.