Kijana Aliyebadilishwa kwa Farasi

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba mwanafunzi aliyefikwa na maafa, awe amefiwa na wazazi au amefukuzwa kwao na vita, dawa yake ni kujikaza na kunyamaza, kwani kidonda kisichoguswa hupona chenyewe. Ningependa wenye rai hiyo wayatazame maisha ya Samuel Ajayi Crowther, ambaye aghalabu hutajwa kwa haraka kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana, kisha akaachwa hapo.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka wa 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo imo Nigeria. Mapema mwaka wa 1821 wavamizi waliuteketeza mji huo, wakamteka pamoja na mamake, dada zake na jamaa wengine. Haukupita muda akatengwa nao, akatolewa kwa farasi. Farasi mwenyewe hakuridhisha. Biashara ikavunjwa, na kijana akarudishwa mahali alipoweza kumwona tena mamake. Yaani kasoro za mnyama ndizo zilizompa nafuu! Lakini nafuu hiyo haikudumu. Aliuzwa tena na tena, akizidi kusogezwa kuelekea pwani, na huko njiani alijaribu usiku zaidi ya mara moja kujitoa uhai.

Mwezi wa Aprili 1822 manowari za Uingereza ziliikamata merikebu ya Wareno iliyokuwa imepakia watumwa 187, yeye akiwa mmojawapo, nao wakateremshwa Sierra Leone. (Wenyeji wa Mombasa wanaijua Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu wa mkasa huohuo.) Huko alijifunza kusoma kwa muda wa miezi sita tu, akabatizwa mwaka wa 1825, na mwaka wa 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Hatimaye akawa mwalimu. Alimwoa Asano, ambaye naye alikuwa ameokolewa kutoka merikebu ya watumwa. Kwangu jambo hili si dogo, kwani katika nyumba ile hapakuwa na haja ya mmoja kumweleza mwenziwe maana ya kutekwa.

Mwaka wa 1837, miaka 16 baada ya Osogun, Ajayi aliketi akaandika barua ndefu kwa wakuu wa shirika la wamishonari, akisimulia yote, hata usiku ule wa kukata tamaa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wa kunyamaza. Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili na kumshurutisha mtoto asimame mbele ya darasa ajieleze wiki ile ile ya msiba. Ajayi alipoandika alikuwa mtu mzima mwenye jamaa na kazi, na maneno ya kuyabeba masaibu yake alikuwa amekwisha kuyapata.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa sababu ya kuishi. Lugha ya mji uliochomwa aliifanya kuwa lugha ya vitabu: msamiati wake wa Kiyoruba ulichapishwa mwaka wa 1843, mwaka ambao pia alipewa upadre mjini London. Mwaka uliofuata aliwahubiria kwa Kiyoruba watu wa Freetown, wengi wao mateka wa zamani kama yeye. Kisha akarudi kwao, na mwezi wa Agosti 1846, mjini Abeokuta, akakutana na mamake, Afala, baada ya miaka 25. Mama alimshika akitetemeka, asiamini macho yake. Miaka miwili baadaye akabatizwa.

Uaskofu ulifuata mwaka wa 1864. Asije mtu akadhani kwamba tangu hapo hakuumizwa tena. Mwaka wa 1890, akiwa mzee wa miaka 80 hivi, wamishonari vijana wa Kizungu waliwafukuza wasaidizi wake Waafrika na kumdhalilisha mbele ya kamati yake mwenyewe, naye akajiuzulu katika kamati hiyo. Alifariki mjini Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na kiti chake akapewa Mzungu. Biblia ya Kiyoruba, aliyoisimamia hadi ikakamilika mwaka wa 1884, ilikuwa tayari mikononi mwa watu wake.