Kipofu Aliyekabidhiwa Mji

Waajiri wengi, mlemavu anapoomba kazi, huutazama mguu au jicho lake, wasiutazame ujuzi wake. Leo tunamkumbuka Ibn Ummi Maktum wa Makka, kipofu, mmoja wa Waislamu wa mwanzo, ambaye Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili yake, siku alipokunjiwa uso kwa kuwa wakubwa wa Kikureshi walikuwa barazani.

Madina alipewa kazi ya kuadhini pamoja na Bilali. Alfajiri hakuiona, watu walimwambia kumekucha, naye akaadhini, na waliofunga Ramadhani wakaacha kula kwa sauti yake. Tena Mtume alipotoka kwenda vitani, zaidi ya mara moja alimwachia mji na kumwagiza asalishe watu.

Upungufu wa macho uliondolewa na neno la jirani tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri walemavu wasiopungua asilimia 3. Ndugu waajiri, tunawaomba mhesabu wafanyakazi wenu leo, na pengo mtakaloliona mlizibe.