MZEE BANTING, MZIKAJI WA WAFALME ALIYEACHA MKATE

Wadau, kila mwaka mpya ukianza mji mzima unazungumzia kupungua mwili. Huyu kaacha ugali, yule anakunywa maji ya ndimu asubuhi, mwingine kauziwa unga wa kopo kwa bei ya kutisha. Basi leo nawaletea habari za mzee mmoja wa London aliyeutangazia umma habari za kuacha wanga na sukari zaidi ya miaka 160 iliyopita. Kwa maoni yangu alikuwa mkweli kuliko wengi wanaotuuzia dawa za kitambi siku hizi. Jina lake William Banting.

Huyu bwana hakuwa daktari. Kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, tena mazishi ya wakubwa. Kampuni ya familia yao, pale St James's Street, ndiyo iliyopewa kazi ya kumzika Mfalme George wa Tatu mwaka 1820, George wa Nne mwaka 1830, na yule jenerali Duke wa Wellington mwaka 1852. Si mchezo. Pesa ilikuwepo na mezani hakukosekana kitu.

Tatizo lilianza alipovuka miaka thelathini. Mwili ukaanza kuongezeka, ingawa kwao, kwa baba na kwa mama, hakukuwa na historia ya unene. Akaenda kwa madaktari. Mmoja akamwambia afanye mazoezi, basi mzee akawa anaamka alfajiri kupiga makasia mtoni Thames. Misuli ikaongezeka kweli, lakini na njaa ikaongezeka, akila anakula mara mbili, na uzito ukapanda. Akaambiwa aache. Akajaribu kujinyima chakula. Akaenda kunywa maji ya chemchemi za Leamington, Cheltenham na Harrogate, ambako matajiri wa Kiingereza walikuwa wakienda kutibiwa. Akakaa kwenye bafu za mvuke mara nyingi mno, akatoka na uzito karibu ule ule. Miaka inakwenda, pesa inakwenda, kitambi kipo.

Kufikia Agosti 1862 alikuwa na umri wa miaka 65, urefu kama sentimita 165 na uzito kama kilo 92. Najua kuna watakaosema mbona kilo 92 si nyingi. Kwa kimo kile ni nyingi jamani. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo vya miguu visimuumize. Kwenye magari ya abiria watu walimcheka, mpaka akawa anakwepa mikusanyiko. Hapa ndipo ninapomheshimu, maana mambo haya aliyaandika mwenyewe bila kuficha, mtu mzima mwenye heshima zake.

Cha ajabu ni kwamba hakuokolewa kwa kwenda kutibiwa unene. Masikio yalianza kumsumbua, hasikii vizuri, akaenda kwa daktari wa masikio aitwaye William Harvey. Harvey alikuwa amekwenda Paris mwaka 1856 na kumsikiliza Claude Bernard, yule mwanasayansi wa Kifaransa aliyegundua kwamba ini lenyewe hutengeneza sukari. Akawa anawaza: kama chakula cha wanga na sukari kinahusika na ugonjwa wa kisukari, na wafugaji nao wanatumia vyakula hivyo kunenepesha wanyama, je, mtu mnene akipunguziwa itakuwaje? Akaona tatizo la masikio ya Banting linatokana na mafuta mwilini, akamwambia aache vitu sita: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mzee alikuwa akiishi kwa vitu hivyo hivyo!

Badala yake akala nyama ya ng'ombe au kondoo, samaki, kuku, mboga yoyote isipokuwa viazi, matunda kidogo, chai isiyo na maziwa wala sukari, na kipande kidogo sana cha mkate mkavu. Mvinyo aliruhusiwa, tena glasi kadhaa kwa siku, na usiku kabla ya kulala kinywaji kikali bila sukari. Hapo simfuati hata kidogo, na daktari wa leo asingemruhusu.

Matokeo? Kwa muda wa mwaka hivi alipungua kama kilo 21, na kiuno kikapungua kama sentimita 31. Masikio yakapata nafuu. Ngazi akawa anashuka kama watu wengine.

Sasa angalia alichofanya. Mwaka 1863 akaandika kijitabu chembamba, barua ya wazi kwa umma kuhusu unene, akakichapisha kwa fedha yake. Nakala 1,000 za kwanza akazigawa bure. Toleo la pili, nakala 1,500, nazo bure. Watu walipozidi kuziomba ndipo toleo la tatu likauzwa, na faida akaipeleka kwenye misaada. Hakuuza unga wala vidonge. Alitumia mfano wa farasi: maharage ni chakula kizuri kwa farasi kijana, lakini humdhuru farasi mzee, na kwa mtu wa umri wake vile vyakula sita ndivyo vilivyokuwa maharage yake.

Madaktari wakaja juu. Wengine walisema hakuna jipya, na kwa kweli Mfaransa Brillat-Savarin alishaandika mwaka 1825 kwamba vyakula vya unga vinanenepesha. Wengine waliudhika tu kwamba mzika watu anafundisha tiba. Lakini kulikuwa na hoja moja ya haki: huyu ni mtu mmoja, utajuaje itawafaa wote? Banting mwenyewe hakudai kuwa mtaalamu, alikuwa anawaomba madaktari walichunguze jambo hili. Harvey naye akaja kuandika kitabu chake mwaka 1872.

Uchunguzi umefanyika sana baadaye. Mmojawapo ulitolewa mwaka 2018 na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani: watu 609, nusu wakapunguza wanga, nusu wakapunguza mafuta, kwa miezi 12. Makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga uliokobolewa, yale mboga kwa wingi. Wote walipungua, kilo tano sita kwa wastani, bila tofauti ya maana. Kwa hiyo anayekwambia wanga wote ni sumu anazidisha chumvi. Lakini sukari na unga mweupe, ambavyo mzee Banting aliviacha, hakuna kundi lililoambiwa liviendee. Mimi nasoma hapo soda, maandazi, chai ya vijiko vinne na mlima wa sembe.

Tahadhari moja, na hii msiichukulie mzaha: mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kumwambia daktari wake. Dozi ikibaki ile ile huku chakula kimepungua, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia.

Banting alifariki London mwaka 1878, akiwa na miaka 81, na ule unene haukumrudia. Jina lake likageuka neno. Wasweden mpaka leo wakitaka kusema mtu anajipunguza mwili wanasema banta. Afrika Kusini Profesa Tim Noakes alilifufua mwaka 2013, watu wakawa wanasema wanafanya Banting, naye akashtakiwa kwenye baraza la taaluma kwa ushauri alioutoa Twitter kuhusu chakula cha mtoto. Mwaka 2017 akaonekana hana hatia, rufaa dhidi yake ikashindwa 2018.

Mdau aliyejaribu kupunguza sembe na sukari kwa miezi, si kwa wiki moja, atupe matokeo hapo chini. Na wenye kuuza unga wa kopo, tangazo lenu sitalipitisha.