Alipigwa faini kwa kutetea watoto wa adui

APRILI 1919, polisi wa London walimkamata mwanamke wa miaka 42 kwa sababu ya vipeperushi alivyokuwa akigawa katika uwanja wa Trafalgar. Vilikuwa na picha za watoto wa Austria waliokondeana kwa njaa, na hakuwa na kibali cha serikali cha kuvisambaza.

Jina lake Eglantyne Jebb.

Alizaliwa 1876 Shropshire, Uingereza, katika familia iliyojiweza. Alisomea historia Oxford, enzi ambazo wasichana wa chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika. Akajaribu ualimu wa shule ya msingi, akaacha baada ya muda mfupi. Na usidhani alikuwa mtu wa kucheza na watoto. Hapana. Hakuzaa.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha Novemba 1918, lakini Uingereza na washirika wake waliendelea kuzuia meli za chakula. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, ila watoto wa Ujerumani na Austria walizidi kufa. Waingereza wengi waliona poa tu, si hao ni wa adui? Jebb na dadake, Dorothy Buxton, walikataa. Mtoto wa miaka mitatu alipigana vita gani?

Kortini alijitetea mwenyewe. Akapatikana na hatia, akatozwa faini ya pauni 5. Kisha kiongozi wa mashtaka, Archibald Bodkin, akatoa pauni 5 mfukoni mwake na kumpa. Mei 19 mwaka huo, shirika la Save the Children lilizinduliwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Baa la njaa lilipozuka Urusi 1921, likapeleka chakula huko pia, licha ya lawama nyumbani.

Ila Jebb aliona tatizo. Msaada hutegemea huruma, na huruma huchoka. Leo watu wanachanga, kesho wamesahau. Akataka mtoto awe na kitu anachostahili hata kama hakuna anayemwonea huruma.

Hivyo 1923 akaandika azimio fupi la vipengele 5: mtoto apewe njia za kukua, mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, na janga likitokea, watoto wawe wa kwanza kusaidiwa. Septemba 1924 Ushirika wa Mataifa, uliotangulia UN, ukalipitisha. Halikuwa sheria ya kulazimisha nchi yoyote, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Alifariki Geneva Desemba 17, 1928, akiwa na miaka 52. Mwaka wa 1931, vuguvugu aliloanzisha liliandaa mkutano mjini humo kuhusu watoto wa Afrika.

Novemba 20, 1989, UN ilipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Ibara ya 6 inazitaka nchi kuhakikisha, kadiri ziwezavyo, kwamba kila mtoto anaishi na kukua. Kenya iliuridhia 1990, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kikataja lishe, makao na matibabu.

Kwa hivyo mtoto akilala njaa Mukuru au Turkana, usiseme anangoja wahisani. Anadai deni, na wadaiwa wanajulikana: wazazi wake na serikali.