James Dewar na Chupa ya Chai

Chupa ya chai iliyo mezani kwa mwalimu mkuu haikubuniwa kwa ajili ya chai. Ilibuniwa mwaka 1892 na James Dewar, mwanasayansi wa Uskochi, ili kuhifadhi hewa iliyopozwa hata ikawa kimiminiko. Namweleza hapa kwa kuwa zana yake imo shuleni mwetu, na wengi wetu tunaifundisha visivyo.

Dewar alizaliwa Kincardine mwaka 1842, kitindamimba wa wana saba wa mwenye nyumba ya wageni. Akiwa na miaka kumi hivi alitumbukia majini barafu ilipovunjika chini ya miguu yake. Akapata homa ya baridi yabisi iliyomlemaza kwa muda mrefu. Katika kuugua huko seremala wa kijijini alimfunza kutengeneza fidla, na Dewar aliamini siku zote kwamba ustadi wa mikono yake ulianzia hapo. (Wenzangu wanaodharau kazi za mikono wazingatie.)

Alisoma Edinburgh, akawa profesa Cambridge mwaka 1875, na kuanzia 1877 wa Taasisi ya Kifalme ya London pia. Huko alitoa mara kadhaa mihadhara ya Krismasi kwa watoto.

Hewa-kimiminiko, yenye baridi ya nyuzi 190 hivi chini ya sifuri, huchemka kwa joto la chumba tu. Dewar aliweka chupa ya kioo ndani ya nyingine, akaondoa hewa iliyo baina yao, kisha akakipaka kioo fedha ili kurudisha mnururisho.

Mimi mwenyewe nilifundisha miaka mitatu kwamba kila hewa inapopungua, joto linalopita nalo hupungua kwa kadiri ileile. Nilikosea. Kupunguza hewa huzima myuko mapema, lakini mpitisho karibu haubadiliki. Molekuli zikibaki nusu, wachukuzi wa joto ni nusu, ila kila mmoja husafiri umbali maradufu kabla ya kumgonga mwenzake. Maxwell, Mskoti mwingine, alikuwa amekwisha kuyaonyesha hayo kwa hesabu. Katika hewa ya kawaida umbali huo haufiki sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Hewa ikipunguzwa mara milioni, umbali hufikia sentimita 7 hivi, kupita nafasi iliyo baina ya kuta za chupa. Hapo molekuli hugonga kuta tu, na kila inayoondolewa hupunguza joto linalopita. Kwa hiyo Dewar baadaye alitumia mkaa uliopozwa sana, unyonye hata mabaki ya hewa. Katika mitambo midogo mno ya siku hizi, yenye mianya isiyoonekana kwa macho, hewa ya kawaida nayo hufuata desturi hiyo, kwa kuwa mwanya wenyewe ni mwembamba.

Darasani, wapange watoto uwanjani baina ya mistari miwili, wabebe kokoto na kugeuka kila wanapokutana. Kisha punguza idadi yao, wahesabu zinazofika.

Dewar hakuilindia chupa yake hataza. Mwaka 1904 kampuni ya Ujerumani iliichukua biashara kwa jina la Thermos. Alikuwa mgomvi, na hakuacha wanafunzi wa kumrithi. Heliamu, gesi aliyoitafuta kwa miaka, ilifanywa kimiminiko mwaka 1908 na Kamerlingh Onnes huko Leiden, ndani ya chupa za Dewar.